Mtungi Wenye Kiraka cha Lami

Kwanza niwataje waliokuwepo, asije mtu akasema bibi huyu anaota. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mume wangu Okech, na dada yake Auma. Alikuwepo baba yao, Mzee Ogola, pamoja na wazee wawili, Oluoch na Abuto. Mama yao, Apondi nyar Gem, yaani binti wa Gem, alikufa kabla sijaolewa akazikwa kijijini kwao mume, Uyoma; sura yake sikuijua. Hao wote walikuwa watu wa nyumba moja, mgeni nilikuwa mimi. Na haya yalitokea, niamini.

Tulikaa Kaloleni, miaka michache baada ya Uhuru. Auma alikuwa amemtafutia ndugu yake mke wa pili, kwa sababu moja tu: ati mimi, nyar Sakwa, sijui kupika pombe. Kweli, pombe yangu ya kwanza ilikuwa na ladha ya chuma, maana niliichachusha kwenye pipa. Mzee Ogola akatuma neno kwamba anakuja kuonja mwenyewe. Akiridhika, hakuna mke wa pili.

Basi nikatafuta vyombo upya. Lile pipa fundi Wekesa alilipasua, akalinyoosha likawa bati la kukaangia unga. Mirija mirefu yenye vichujio nchani nilipata kwa Mzee Nyangor. Wimbi nikaliloweka majini mwenyewe, likaota, nikalianika mpaka likawa kimera kinachonukia vizuri. Kikabaki kitu kimoja: mtungi.

Tukaenda sokoni upande wa Dunga, mimi na Auma, mchana jua likiwaka. Nilikuwa na kimera changu kwenye kapu, nikipeleka kusagwa. Auma akabaki kwa wauza dagaa wa omena, mimi nikaona mama amekaa peke yake, kitambaa cha bluu kichwani, mbele yake mtungi mmoja mweusi.

"Usinishikie mtungi kama hujui kupika," akasema.

"Nani amekuambia sijui?"

"Mikono yako."

"Bei gani, mama?"

"Pesa yako kaa nayo. Nipe kimera."

Sasa sikiliza. Kwetu mpishi hagawi kimera chake kabla hajakipikia. Ukikigawa, umegawa mkono wako. Nilijua hivyo tangu nikiwa msichana. Lakini nilimfikiria huyo mke wa pili akilala nyumbani kwangu, nikampa konzi moja. Akakinusa, akakifunga kwenye pindo la nguo, wala hakucheka.

Auma akaja. "Huu mtungi wa nani umeachwa juani? Upindue kwanza, nyar Sakwa, uone chini." Alisema hivyo juu ya kichwa cha yule mama, kana kwamba hakuna mtu hapo. Nikadhani ni dharau zake za kila siku.

Nikaupindua. Chini kulikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, limezibwa kwa lami.

Na hilo pia nilijua! Mtungi wa mpishi aliyekufa hutobolewa, ukawekwa juu ya kaburi lake. Nani kwetu hajui? Lakini Auma alicheka. "Hata mtungi unachagua mbovu!" Hasira ikanipanda, nikautwika mtungi kichwani.

"Huyo msichana amenenepa," yule mama akasema, akimtazama Auma. Auma hakugeuka.

Nikapika. Siku ya tatu pombe ilitoa povu hadi mdomoni mwa mtungi, majirani wakawa wanachungulia. Wazee wakaketi, wakaingiza mirija. Mzee Ogola alivuta mara moja tu, akauachia mrija.

"Apondi," akasema.

Oluoch na Abuto wakaitoa mirija yao.

"Hii ni pombe ya Apondi. Nimeinywa miaka mingapi? Mwageni!"

Okech akamwaga uani. Mzee akaupindua mtungi, akaweka kidole kwenye lami. "Tundu hili nilitoboa mimi, kwa msumari wa mashua, siku tuliyomzika."

Auma alinirukia. "Umeiba kwenye kaburi la mama yangu! Mchawi wewe!"

"Si tulikuwa wote? Yule mama wa kitambaa cha bluu, ulimpita hivi!"

"Mama gani? Nilikuona ukiongea na mtungi!"

Mtu akatumwa Uyoma. Kaburini alikuta duara la nyasi zilizokauka, mahali mtungi ulipokuwa umekaa. Mimi Uyoma sikuwahi kufika bila mume wangu, lakini nani angenisikiliza? Okech alitazama chini. Kabla ya mvua, mke wa pili, Adhiambo, aliingia na vyombo vyake.

Tangu siku ile hakuna kitu kinachochacha mkononi mwangu. Uji wangu hauchachi, nikikanda unga wa maandazi unalala kama udongo wa ukuta. Wajukuu wakikanda, mimi nakaa mbali.

Basi wewe unayetafuta vyombo, pindua kila chombo uangalie chini, hata kama anayekuambia ni mtu usiyempenda. Na kimera chako usimpe mtu.

Auma alikufa akiniita mwizi. Pengine nimekosea jina la fundi, au siku ambayo pombe iliiva, anayejua anisahihishe. Na kama ulikuwa sokoni mchana ule ukamwona mama aliyekaa peke yake, niambie. Hata ukisema kitambaa hakikuwa cha bluu, nitafurahi.