Waziri wa Pasi

Kazi yake ilikuwa kunyoosha nguo za watu. Kutwa alisimama nyuma ya meza ndefu ya dobi, pasi mkononi, uso ukimng'aa kwa joto kama aliyepakwa mafuta. Yalipita mashuka ya gesti, yakapita mashati ya makarani, zikaja sare nyeupe za wauguzi. Ya mdogo wake aliiweka ya mwisho. Alianza na kola, akaja mabegani, akamalizia mikono, kisha akaikunja taratibu kana kwamba mwenyewe yumo ndani amelala.

Mdogo wake huyo alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Dada huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, na sasa kijana alikuwa na jambo lake: hospitali moja ya ng'ambo ilikubali kumsaili kwa simu, kwa Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabuni, cha dawa na mifupa. Akiambiwa azungumze, kilimkaukia kooni. Na zamu zake hazikumwachia nafasi ya kwenda darasani.

"Nitakwenda mimi," dada mtu akasema. "Nitayabeba maneno nikuletee."

"Kama anayeteka maji kwa chujio."

"Utakunywa hayo hayo yatakayobaki."

Darasa lilikuwa ukumbi mdogo nyuma ya duka la rangi, na harufu ya rangi iliwafuata hadi majumbani. Mwalimu alikuwa mkalimani mstaafu wa mahakamani, mzee mwembamba asiyeamini kwamba mtu mzima atajua lugha kwa kuambiwa hiki ni kiti na hii ni meza. "Viti mmevikalia miaka yote," aliwaambia. "Mtu mzima hufunguka mdomo akibishana." Basi darasa lake lilikuwa bunge. Yeye alikuwa Spika, na kila mwanafunzi alikuwa waziri kwa kazi yake. Dereva wa lori aliitwa Waziri wa Barabara. Mama aliyepika kwenye hospitali ile ile ya mdogo wake aliitwa Waziri wa Masufuria. Yeye akawa Waziri wa Pasi.

Walijadili kodi, wakajadili uchaguzi, wakabishana kama wimbo wa taifa uimbwe kwa kusimama hata na mwenye mzigo kichwani. Sheria ilikuwa moja: neno jipya si lako mpaka ulitolee mfano wa kweli, wa maisha yako mwenyewe. Uongo, Spika alisema, alikwisha utafsiri vya kutosha.

Hivyo ndivyo maneno yalivyofika nyumbani, kila moja na mfano wake. Jioni kijana aliloweka miguu kwenye beseni, na dada alimpa neno la ahadi kwa kisa cha diwani aliyewaahidi maji akaleta fulana, na neno la uhuru kwa kisa cha siku aliyofunga virago na kumwacha mume. Kijana alirudia, akakosea, akarudia. Walicheka mpaka maji ya beseni yakapoa.

Siku moja hoja ya bunge ikawa hii: waitweje wanaoichukua taaluma yao na kwenda nayo nchi za watu? Zilipigwa kura za vikaratasi, naye akaangukia upande wa serikali. Akasimama kusema kwamba nchi imewasomesha. Akakwama katikati, akitafuta neno.

"Mheshimiwa Spika," akasema Waziri wa Barabara, "mwenzetu anajua mikunjo ya suruali tu. Nchi haipigwi pasi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Damu ikamchemka. Ubaoni Spika alikuwa ameandika *traitor*, akawaeleza kuwa ni msaliti, mtu anayewageuka watu wake. "Nani ana mfano?"

Akajikuta ameshasimama. Kiingereza kikamtoka kizima, bila kukwama, kwa mara ya kwanza tangu aanze kujifunza. Mdogo wangu ni msaliti, alisema. Ni muuguzi. Nchi imemsomesha, na sasa anawaacha watoto wagonjwa kimyakimya, bila hata kumwambia metroni wake.

Wenzake wakapiga meza kwa viganja, kama bungeni. Akaketi, kifua kimemjaa. Raha ile ilidumu mpaka macho yake yalipokutana na ya Waziri wa Masufuria, ambaye mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

Alimfuata mlangoni. "Mama, yale yalikuwa ya bungeni tu."

"Si Spika anataka mfano wa kweli?" Mpishi akajifunga kitambaa chake vizuri. "Usijali, mwanangu. Huu mdomo una kufuli."

Jioni ile kijana akauliza kama kawaida, "Leo umeniletea nini?"

Akampa neno la kura. Akampa neno la hoja. Lile jingine alilimeza.

Kufuli la mpishi lilikuwa bovu. Wiki haikwisha, metroni alimwita kijana na kumuuliza mbele ya wenzake kama haoni haya. Ng'ambo walitaka barua ya kuthibitisha utumishi wake kabla ya usaili, na metroni akasema ataiandika akipata nafasi. Wodi nzima ilijua kuwa metroni ni mtu asiyepata nafasi.

"Ni Mrefu," kijana alisema nyumbani, bila kuvua viatu. Mrefu ni muuguzi mwenzake, rafiki yake tangu chuoni, aliyezoea kula pale mezani kwao na kuosha sahani yake mwenyewe. "Nilimwambia yeye peke yake, ukiacha wewe. Nimemwambia asinisogelee tena. Kakana mpaka akalia. Mnafiki yule."

Ukiacha wewe. Alilala na maneno hayo, akaamka nayo, akayapigia pasi mashuka ya gesti. Alitaka kusema wakati wa chai, akasema sukari imeisha. Alijiambia atasema usaili ukipita, na hapo hapo akajua kwamba bila barua hakuna usaili wa kupita.

Kesho yake alipeleka sare hospitalini. Kwenye benchi la nje aliketi Mrefu peke yake, bakuli la chakula halijaguswa. Alisimama alipomwona, akampokea furushi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Dada, mwambie si mimi. Wewe atakusikia."

Alitaka kumjibu. Akamrekebisha kola, ambayo haikuwa imepinda, akaondoka.

Jioni kijana aliketi na beseni lake. "Leo umeniletea nini? Ingawa sijui ya nini tena."

"Nimekuletea neno la zamani. Nilikuficha." Akazima pasi, akaisimamisha. Akalitamka, akaeleza maana yake kama Spika alivyoeleza.

"Na mfano wake?"

"Mfano wa kwanza nilioutoa darasani ulikuwa wa uongo. Nilikutaja wewe, ili nishinde, na mpishi wa kwenu alikuwepo." Kisha akaifuata sheria. Akausema mfano wa kweli kwa Kiingereza, polepole, kama anayepita kwenye sakafu iliyomwagika maji. Sentensi ilikuwa fupi, na ilianza na mimi.

Kijana hakurudia. Aliitoa miguu kwenye maji, akaifuta kidole kwa kidole.

"Kesho asubuhi nitakwenda kwa metroni," dada akasema. "Nitamwomba hiyo barua kwa magoti."

"Nenda."

Akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Mrefu. Nina ya kumwambia."

"Ukirudi nikupe mengine?"

Kijana alisimama mlangoni, amempa mgongo. Shati alilovaa alikuwa amelinyoosha dada yake asubuhi ile. "Hilo linanitosha kwa sasa, dada," akasema, akavuta mlango taratibu, na dada mtu akabaki akilitazama beseni, maji yake bado yakitoa mvuke.