Akina Eucabeth Wawili

Mercyline, karani wa kliniki, alimfukuza mgonjwa, na alimfukuza kwa adabu zote.

"Mathe, kompyuta inasema ulichukua dawa zako jana. Rudi wiki ijayo."

Mama yule mwembamba alisema hajachukua kitu. Mercyline akarudia maneno yale yale, safari hii kwa sauti, na foleni nzima ikasikia. Mtu mmoja nyuma akasema kwa kicheko kwamba kuna watu wanapenda vya bure. Mama akakohoa ndani ya leso yake, akaondoka. Ilikuwa Februari 2008, kambini Nakuru, na waliokimbia nyumba zao katika ghasia za uchaguzi walikuwa wameshazoea kuambiwa rudi.

Kesho yake akaja mama mwingine, mnene, mcheshi, akitaka dawa ya macho ya mtoto. Jina lake Eucabeth Moraa. Mercyline alifungua faili lake, akaganda.

"Mama, wewe unatumia dawa za TB?"

"Mimi? Ushindwe!"

Hapo akaelewa. Walikuwa akina Eucabeth Moraa wawili, na kompyuta ilikuwa imewafanya mmoja. Dawa za kichwa alizochukua huyu mnene juzi zilihesabiwa kuwa za kifua za yule mwembamba. Baya zaidi, faili lilibaki na namba ya hema moja tu, la huyu mnene. Na dawa za kifua kikuu hazikatizwi. Ukizikatiza, ugonjwa hurudi na hasira.

Mercyline alitoka mbio kumtafuta yule mwembamba, hema kwa hema. "Namtafuta Eucabeth Moraa." Watu walimtazama viatu, wakasema hawamjui. Mwanamke mmoja alivuta watoto wake ndani. Ndipo alipokumbuka wiki zile zilikuwa za aina gani: mgeni akija kukuulizia kwa jina, hakuletei heri. Kwenye vizuizi vya barabarani jina peke yake, kwa kuwa lilitaja kabila, lilitosha kukuua.

Programu ile ya kliniki ilikuwa ya bure, iliyoandikwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Ukikuta hitilafu, unaieleza kwenye ukurasa wao wa wazi na wao wanairekebisha. Basi Mercyline akaenda mjini, kwenye cyber ya Jaydeep iliyokuwa imefungua mlango nusu, akaandika kila kitu kwa Kiingereza chake cha chuo. Jibu la msimamizi mmoja wa Ulaya lilikuja upesi, tena kwa upole: kwake hitilafu haionekani, tafadhali abandike pale faili zima la wagonjwa alione.

Daktari Owuor, mkuu wa kliniki, hakuona shida iko wapi. "Tuma, Mercyline! Ijumaa malori yanabeba watu kuwapeleka western. Huyo mama akipanda lori bila dawa, tumemzika."

Alisema kweli. Lakini faili lile lilikuwa na kila jina la kambi, mahali mtu alikotoka, na hema analolala. Na ukurasa ule ulisomwa na dunia nzima, mwema na mbaya. Mercyline alikaa mbele ya kompyuta ya Jaydeep, kidole juu ya kipanya.

"Unatuma ama hutumi?" Jaydeep alikuwa ameshika kufuli. "Huko nje kumechafuka, dada. Mimi nafunga."

Mercyline akachomoa flash yake, akaitia mfukoni. Aliogopa kumuua Eucabeth, na aliogopa zaidi kuwaua wengine wote.

Asubuhi, kwa Jaydeep, akabuni wagonjwa wa uongo, awatume badala ya wale wa kweli. Alichoka kutafuta majina yasiyo ya mtu, akawaita kwa mboga: Sukuma Wiki, Viazi Maunarok, Maharagwe Rosekoko, kila mmoja mara mbili, na kila jozi akaipa siku moja ya kuzaliwa, tarehe nzuri nzuri za Mei na Agosti. Akaamuru programu isafishe mafaili, yaani iunganishe yaliyojirudia, kama ilivyofanya kila jioni kliniki. Mboga zote zikabaki mbili mbili, salama salimini. Akazituma hivyo hivyo. Msimamizi akajibu kwamba basi hakuna hitilafu, akaifunga taarifa. Simlaumu sana, kazi ya kujitolea ina wenyewe. Ila Mercyline alilia, na Owuor hakusema naye tena siku ile.

Alhamisi akaja kuandikishwa mzee mmoja, Jonah, mpole, kofia mkononi.

"Ulizaliwa lini, mzee?"

"Ule mwaka nzige walimaliza mtama."

Vidole vya Mercyline vilishaandika kabla hajafikiri: tarehe moja, mwezi wa kwanza. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo kila karani afanyavyo kwetu. Asiyejua siku yake hupewa Januari mosi, na mwaka unakadiriwa kwa kumtazama usoni. Akavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Nusu ya kambi ilizaliwa Januari mosi, na akina Eucabeth wote wawili!

Alimwacha mzee na karani mwenzake, akakimbilia kwa Jaydeep bila hata kuaga. Akawapa Viazi Maunarok wote wawili Januari mosi, akabonyeza. Viazi wakawa mmoja. Huko programu ilikoandikwa, tarehe ile waliipa watu wachache tu wasiojua siku yao, basi programu ikiiona na jina moja, hudhani ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, huunganisha bila kuuliza. Kwa tarehe nyingine yoyote huwaacha walivyo. Akaandika haya yote, akaomba taarifa ifunguliwe upya, akaongeza kwamba kuna mtu anaondoka kesho na lori.

Usingizi ulimruka. Ijumaa, Jaydeep alipoinua mlango, jibu lilikuwa limefika, la kuomba radhi, pamoja na kipande cha programu cha kutenganisha waliounganishwa. Akakipeleka kliniki, akakiweka. Akina Eucabeth wakaachana, na hema la pili likajitokeza, kule kwenye ua wa mwisho.

Malori yalikuwa yanaunguruma. Mercyline alimkuta mama mwembamba amekalia mzigo wake, foleni ya kupanda ikimsogelea, majirani wale wale wa foleni ya kliniki wamemzunguka. Akamnyooshea pakiti ya dawa, pumzi zikimkatika.

"Mama, hizi ni zako. Na barua ya hospitali ya huko uendako. Chukua."

Eucabeth hakunyoosha mkono. "Uliniita mwongo mbele ya watu."

"Mama, lori linaondoka. Tafadhali."

"Watu ndio hawa," Eucabeth alisema, na akakohoa, na akangoja.

Mercyline akageuka. Akapaza sauti hadi dereva akachungulia: "Huyu mama alisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi."

Hapo ndipo Eucabeth alipopokea dawa.