Mbuzi wa Mtu wa Wales

Juzi, kwenye ofisi moja ya Lodwar, niliona kalenda ya Wales, bonde la kijani limejaa kondoo, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mdogo, mzungu wa huko alikuja kijijini kwetu kutengeneza pampu ya maji. Alasiri moja, akinuka grisi na jasho, alimwonyesha nyanya picha ya kwao: nyumba za mawe, kanisa, na kondoo mlima mzima.

"Nani anawachunga?" nyanya aliuliza, mjomba akitafsiri.

"Hakuna mtu. Wanakula tu."

Nyanya alishika kichwa. "Basi wameshaibwa hao. Pole, mwanangu!"

Akamtemea mate kifuani, baraka ya wazee wetu, akamkabidhi mbuzi wetu wa maziwa aanze upya, maana aliyeporwa mifugo hasaidiwi kwa maneno. Mzungu akabaki ameshika kamba. Nililia, kidogo kwa ajili yake, zaidi kwa ajili ya mbuzi.

Sasa najua kwao kuna kuta na mbwa wa kuwalinda kondoo. Hata hivyo niliifunua ile kalenda mpaka Desemba. Theluji tupu, hakuna kondoo hata mmoja.

Si nyanya alisema wameibwa!