Bibi Somoe na Sura Inayocheka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Kilwa, nilikemewa kabla ya saa nne. Nilikuwa nimemwinamia mgonjwa nikamwuliza, "Unaumwa wapi?" Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, akanivuta kando.

"Binti, umelelewa na nani? Mtu husalimiwa kwanza. Atasema salama, atamshukuru Mungu. Utamwuliza za nyumbani, atasema salama tena. Ndipo atasema 'ila'. Ugonjwa unaanzia hapo. Kama huna subira, nenda kauze maandazi."

Subira nilikuwa nayo, nasema bila haya. Baada ya Kilwa nilihamishiwa zahanati ya Mchinga, kisha nikapelekwa masomoni kujifunza ushauri nasaha kwa wagonjwa wa saratani. Wengi hudhani ni kazi ya kusema. Ni kazi ya kukaa. Unakaa mkekani mpaka mgonjwa ataje anachokiogopa: kwamba kidonda kinanuka, kwamba mume atamkimbia, kwamba atakufa. Tulikuwa na kipimo cha maumivu, toka sifuri mpaka kumi, lakini mimi niliangalia zaidi mikono. Mwenye maumivu makali hukamata ukingo wa mkeka akidhani humwoni.

Miaka ya mwisho nilikuwa Lindi, kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso pale ambapo ugonjwa wenyewe hauponi. Huko ndiko mradi ulikotukuta. Mratibu wake, kijana mwenye adabu zake, alileta aplikesheni ya simu. Kila asubuhi simu ingemwuliza mgonjwa hali yake, naye angebonyeza moja ya sura tatu: inayocheka, iliyotulia, au inayolia. Kutembelea wagonjwa kungeendelea. Mtu na simu wangesaidiana. Niliipenda sana. Wagonjwa wetu walitawanyika toka Songo Songo hadi vijiji vya korosho, na sisi tulikuwa wawili na pikipiki moja. Hata sauti iliyorekodiwa ilikuwa yangu: "Shikamoo. Umeamkaje leo?"

Mvua zilipoharibu barabara, mratibu akabadili mpango. "Mama, tuwatembelee wanaobonyeza sura inayolia tu. Wanaocheka wanaweza kusubiri."

"Na dawa zao?"

"Nazo zifuate sura, Mama. Anayehitaji atasema. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Bibi Somoe wa Kilangala alikuwa na saratani ya titi iliyokwisha kuingia mifupani. Alitumia mofini ya maji, dawa ya maumivu ambayo hutolewa kwa kipimo, chupa kwa chupa. Sura yake ilicheka kila asubuhi, wiki kwa wiki, mpaka nikawa namtolea mfano kwa wenzangu. Barabara ilipokauka nikaenda kumjulia hali, na doti ya kanga mkobani.

Nilimsikia kabla sijamwona. Bintiye, Zainabu, alinipokea uani, naye amekonda kama anayeumwa ni yeye. Mofini ilikuwa imekwisha zamani. Alitaka kuja Lindi kutuita, mama yake akamkataza: "Sista ananiuliza kila siku. Atakuja."

Bibi alikuwa amelala ubavu, ameuma kitambaa. Aliponiona akakitoa mdomoni.

"Karibu, mwanangu. Za Lindi?"

"Shikamoo, bibi. Mbona ulikuwa unabonyeza inayocheka?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Marahaba. Si wewe uliyekuwa ukiniamkia? Sauti yako. Nami nikajibu nimeamka salama, alhamdulillahi. Halafu nangoja uendelee kuniuliza, unanyamaza. Kila siku nangoja, unanyamaza."

Dawa ilifika kesho yake. Alilala usingizi siku mbili, akafariki.

Wapo waliosema bibi alijificha. Nawakatalia hadi leo. Alijibu kama watu wazima wanavyojibu, akangoja zamu yake ya kusema, na mimi niliyefundishwa kuingoja zamu hiyo nilikuwa Lindi natazama sura zikicheka.

Kikao cha tathmini kilikuja kabla sijaandika taarifa yangu. Nilikuwa bado natafuta maneno. Mratibu akaonyesha ukutani mstari wa sura alizobonyeza mgonjwa mmoja, bila jina, ulionyooka juu toka mwanzo hadi mwisho. Niliutambua. "Huyu alikuwa na faraja mpaka siku zake za mwisho," alisema. Wageni toka Dar wakapiga makofi. Mganga mfawidhi, mkuu wetu wa hospitali, akanigeukia. "Sista, wewe ndiye uliyemhudumia. Una la kuongeza?"

Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu, na sherehe ya kuniaga ilikwisha kupangwa. Nikasema, "Sina, Daktari."

Nanyi vijana mnaonijia kutaka wosia wa kazi, wosia sina. Msiilaumu simu. Sentensi moja tu siku ile, na wale wakubwa wangeiongezea swali la pili, baada ya salamu. Sikuisema, hawakuongeza, na sasa mradi umefika vijiji ambavyo mimi sijawahi kuvikanyaga. Taarifa yangu sikuiandika kamwe. Nikiswali namwomba Mungu msamaha, lakini sioni kwamba naustahili.

Zainabu hajui kwamba niliulizwa. Kila Idi huniletea korosho alizozibangua mwenyewe, ananiita mama, nami nazipokea.