Ujumbe wa Kliniki kwa Mtoto Aliyezikwa

Seva ya hospitali ilizimika tukiwa katikati ya kuweka toleo jipya la mfumo. Umeme ulikatika, betri za akiba hazikushika, na umeme uliporudi kanzidata ikakataa kufunguka. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kompyuta pale, Shinyanga mjini. Nilihangaika nayo hadi nikakubali kwamba dawa ni kurudisha nakala ya akiba. Nakala pekee iliyosomeka yote ilikuwa ya msimu wa kuuza pamba, miezi kadhaa nyuma, na sasa watu walikuwa kwenye palizi. Nikairudisha. Mfumo ukawaka, madaktari wakashukuru, nikarudi kwangu, mtaa wa Kambarage.

Lakini katika nakala ile, wagonjwa waliofariki tangu msimu wa pamba walikuwa bado hai. Na mfumo wetu wenyewe hutuma ujumbe wa kukumbusha kliniki kwenye simu za familia.

Siku chache baadaye muuguzi wa kliniki ya sikoseli aliniletea baba mmoja kutoka Kishapu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanipa simu yake ya vitufe. Ujumbe ulimtaja binti yake kwa jina, ukikumbusha aletwe kliniki.

"Huyu tulimzika," akasema. "Mama yake alisomewa na jirani. Tangu hapo hali, halali. Ananiuliza, hospitali wameona nini ambacho sisi hatukukiona?"

Nikamweleza kwamba mashine iliharibika, na tulipoitengeneza ikarudi na kumbukumbu za zamani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo humo ndani bado ni mzima?"

"Ndiyo, baba. Utusamehe sana."

"Basi andika. Nitakaa nione."

Muuguzi akamvutia kiti. Nikafungua ukurasa wa mtoto. Mfumo ulidai tarehe ya kifo. Akaitaja polepole, nami nikaiandika. Nilipofika pa kuhifadhi, nikaisoma tena ile tarehe. Yeye hakuondoa macho kwenye skrini.

"Bonyeza tu, mwanangu."

Nikabonyeza. Akaomba tumpigie mkewe, muuguzi aseme naye kwa Kisukuma, kwani maneno yake yeye nyumbani yalikuwa yamekwisha. Muuguzi alisimama dirishani na ile simu muda mrefu, sauti yake ikiwa chini.

Siku ileile nilizima ujumbe wote. Mimi na muuguzi tukapitia majalada ya wodini, tukawaandika upya waliofariki, na familia zilizokwisha kutumiwa ujumbe tukazipigia. Wengine walitukatia simu. Mama mmoja alikuwa amehamia machimboni, Geita, akiwapikia wachimbaji. Kwa mazoea ya kliniki, muuguzi alimwita Mama na jina la mtoto wake. Simu ilikuwa kwenye spika, nami nikamsikia.

"Niite tena hivyo," akasema. "Huku hakuna anayenijua kwa jina hilo."

Muuguzi akamwita tena, ndipo akaanza kumweleza habari ya mashine.