Mtihani wa Fundi Umeme na Mlingoti Juu ya Trela

Nyumba zetu zina magurudumu. Mume wangu ni dereva wa trekta katika kampuni inayojenga barabara, na barabara ikisogea nasi tunasogezwa. Jirani yangu wa trela ya pili ni fundi umeme, dada mwembamba asiyecheka ovyo. Amefunga taa na majenereta ya kambi miaka kumi na mmoja, na mpaka leo analipwa kama kibarua, eti hana leseni.

Huku simu ni tochi tu. Yeye ndiye aliyeunga mabomba matatu yakawa mlingoti, akaweka antena juu ya trela yake, mtandao ukaja. Mama yangu alimwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza kupitia antena hiyo. Kila tukihama anaishusha, tukifika anaipandisha na kuizungusha polepole, mimi chini nimeshika simu: "Bado... bado... hapohapo, dada!"

Mtihani wa leseni ulikuwa wa mtandaoni, saa nne hadi saa tano asubuhi. Mtandao ukikatika katikati, unangoja mwaka mzima. Alimweleza msimamizi wa kambi wiki mbili kabla. Akajibiwa hamna shida, tutahama baada ya chakula cha mchana.

Saa nne na dakika ishirini msimamizi huyo hapo. "Shusheni mlingoti! Tunaondoka!"

"Bosi, si ulisema mchana?" nikamuuliza.

"Nimebadilisha. Kwani mtihani wake ndio utajenga barabara?" Akacheka.

Nilichemka. Dirishani nilimwona Fundi ameinamia kompyuta, mabega yamekakamaa, hageuki. Anasikia kila kitu.

Mume wangu alikuwa ameshaanza kurudisha trekta nyuma aje aikokote trela ya Fundi. Nikamkaza mwanangu mgongoni, nikaenda kukaa juu ya chuma cha trela kinachofungwa kwenye trekta.

"We mama, toka hapo!"

"Sitoki."

"Dereva! Mwambie mkeo atoke!"

Mume wangu akanitazama, akamtazama bosi wake, akazima injini. "Bosi, huyu hata nyumbani simwezi. Jaribu wewe."

Vibarua wakaangua kicheko. Msimamizi akatukana, akaapa kumfukuza mume wangu kazi, akapiga gurudumu teke. Mtoto akashtuka akalia. Nikamfungua mgongoni, nikamnyonyesha palepale, nikampapasa kichwa mpaka akatulia. Ningefungua mdomo, ningemtukania msimamizi ukoo mzima.

Saa tano na dakika mbili mlango ukafunguka.

"Nimetuma," Fundi akasema. Macho yalikuwa mekundu. "Maswali yote."

"Haya, hongera," msimamizi akasema, kana kwamba amemsaidia. "Sasa shusha upesi."

Fundi hakumtazama. Akapanda juu, akafungua bolti moja, akaipangusa kwa kitambaa, akaitia mfukoni. Akaanza kutafuta ya pili, taratibu.

"Haraka, bwana, jua hilo!"

Nami sikuinuka pale mpaka Fundi aliposhuka.