Nusu ya Mwalimu Lesieli

Mwalimu Lesieli alikuwa amefundisha hesabu Vava'u, visiwa vya Tonga katika Bahari ya Pasifiki, mpaka akawafundisha watoto wa wanafunzi wake, na bado alikuwa na kiu moja: kabla hajastaafu mwishoni mwa mwaka, mwanafunzi mmoja, hata mmoja tu, amwambie usoni kwamba amekosea. Kwa Watonga hilo si jambo dogo. Mkubwa akisema bahari ina sukari, unaitikia.

Siku ya kuanza somo la uwezekano aliwagawia sarafu zenye sura ya mfalme upande mmoja. Warushe, wahesabu mfalme ametazama juu mara ngapi. Darasa zima, mfalme akatazama juu kila mara.

“Nyie, hakuna hata mmoja aliyelala kifudifudi?”

“Alilala, Mwalimu,” akasema Siosiua, mchekeshaji wa darasa. “Lakini tungemwachaje Mtukufu ananusa sakafu? Tukamgeuza.”

Lesieli alicheka mpaka mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni, kama desturi ya Watonga, ukalegea.

Kesho yake akaleta vifuu vya nazi, visivyo na cheo. Akaandika ubaoni: nusu. “Kifuu kina pande mbili kama sarafu,” alisema, uso mkavu. “Nusu kitalala chali, nusu kifudifudi. Rusheni muone.” Alijua fika kwamba si kweli. Alikwisha kuvirusha jikoni kwake hadi mumewe akamuuliza kama ana homa.

Vifuu vikagonga sakafu, vicheko vikajaa chumba. Kisha majibu: nusu. Nusu. Nusu kamili, Mwalimu. Moyo ukamshuka. Watoto hawa wangempa nusu hata kama vifuu vingeruka nje kupitia dirishani.

Likabaki kundi la Kalolaine, binti mpole kupita kiasi. Akasimama, macho kwenye vidole vya miguu.

“Sema nusu ukae, wewe!” Siosiua akamnong'oneza. “Unataka kutuua?”

“Naomba radhi sana, Mwalimu. Sisi hatukupata nusu. Karibu kila mara kililala kifudifudi. Tukarudia, ikawa vilevile.” Akainua uso. “Nadhani Mwalimu umekosea.”



“Hilo la mwisho,” Lesieli akasema, “lirudie. Kwa sauti.”

“Umekosea, Mwalimu.”

Machozi yakamtoka huku akicheka, furaha haina pa kukaa.

“Mwalimu,” Siosiua akajikuna kichwa, “na nusu yetu tuliipika kidogo.”

“Na yetu!” “Umekosea, Mwalimu!” wakapiga kelele pande zote, wakifurahia utamu wa neno hilo.

Lesieli akaifuta nusu yake ubaoni, akampa Kalolaine chaki.